Tundu la Sita

Wapenzi wangu, akina mama wa nyuma sogeeni mbele kidogo, maana leo sauti yangu imebaki kwenye mafua. Tumesomewa neno la uvumilivu wa Mungu. Mimi kwenye maneno makubwa huwa napotea njia, kwa hiyo nimewaletea mtu na bastola zake.

Mtu huyu alilima ngano kule kwenye baridi, na alikuwa akikusanya bastola za zamani. Msishtuke. Kibali alikuwa nacho, sefu ya chuma alikuwa nayo, na ufunguo aliulalia. Hakuzitaka zile ndogo za kuficha kiunoni. Alipenda zile kubwa za wazee, zenye kigurudumu cha matundu sita kinachozunguka katikati, nzito kama pasi ya mkaa, mpini wa mbao uliong'arishwa na viganja vya watu waliokwisha kufa. Wenzake wakihangaikia trekta, yeye yuko barazani na kitambaa alichochana kwenye kanga kuukuu ya mkewe, anapaka mafuta, anazungusha kigurudumu polepole asikilize, kra, kra, kra. Mke huko jikoni anasema, "Haya, Baba Vyuma anazungumza na wake wenza wangu."

Kila Jumamosi alikwenda kwenye machimbo ya zamani ya kifusi, mahali alipopewa ruhusa ya kulenga shabaha. Anapanga makopo ya mafuta ya kupikia, anapiga mpaka roho inatulia, anarudi nyumbani mpole kama mtu aliyetoka kuungama.

Ilikuwepo bastola moja aliyoipenda kupita zote, kongwe, aliyouziwa na mjane. Yule mama alipokuwa akiikabidhi aliishikilia kidogo. Akamwambia kwamba mumewe alikuwa akitia risasi tano tu, tundu la sita analiacha tupu, na hilo tupu ndilo linalokaa chini ya nyundo, kile chuma cha nyuma kinachogonga risasi. Akamsihi na yeye afanye vivyo hivyo. Mwanamume akauliza sababu. Mjane akasema sababu hakuwahi kuiuliza, anachojua yeye ni kwamba mumewe alizeeka.

Baadaye akaelewa mwenyewe. Bastola za namna ile, nyundo ikilala, inalalia risasi. Igongwe tu kwa nyuma, hata kama hakuna kidole kilichogusa kitu, inalipuka. Lakini ikilalia tundu tupu, igongwe inavyotaka.

Sasa, alikuwa na shemeji, kaka wa mkewe. Ninyi mnawajua mashemeji. Huyu alikuwa mtu wa watu, tumbo mbele, kicheko kinafika kabla yake. Aliposikia habari ya risasi tano alipata chakula cha mwaka mzima. Sikukuu ya Krismasi, ukoo wote uko mezani, anauliza kwa sauti kama na fungu la kumi shemeji analitolea kwenye risasi. Akambandika jina, Bwana Tano. Jina likashika. Wajomba wakalitumia, wauza duka wakalitumia, mpaka watoto njiani wakawa wanamwambia, "Shikamoo, Bwana Tano."

Je, hamjui jinsi jina la kuchekwa linavyouma? Unacheka na wewe, meno yako nje, na ndani kuna kitu kinakwaruza. Mtu yule alikuwa akifika nyumbani, chakula hakishuki. Mkewe akamwambia, basi jaza sita yaishe. Akajibu kwamba amesikia.

Ikafika Jumamosi moja shemeji akataka naye kwenda machimboni. Wakaenda watatu, mke na chupa ya chai na chapati, akatandika mkeka wake pembeni, nyuma yao. Mwenyeji akapiga makopo yake. Shemeji akavua koti.

"Nipe hiyo ya mjane," akasema. "Na unijazie sita. Mimi sitaki kuzikwa na jina lako."

Wapenzi, mtazameni mtu huyo pale. Amesimama, risasi sita zimo kiganjani. Mwaka mzima amechekwa. Anayemcheka ameomba kwa kinywa chake mwenyewe, tena mbele ya shahidi. Ningekuwa mimi? Ungekuwa wewe, mama uliyekaa hapo na leso? Tungejaza sita, na kama lingekuwepo la saba tungelijaza.

Akageuka akawapa mgongo. Akatia risasi, akalaza nyundo taratibu, akamkabidhi, akamwambia aishike mkononi, mdomo wake uelekee kwenye ukuta wa kifusi. Shemeji akasema hakuja kufundishwa kushika kijiko. Akaichomeka kwenye mkanda wa suruali, chini ya lile tumbo, akaanza kutembea kwa madaha, anamwonyesha dada yake jinsi wanaume wanavyotembea.

Tumbo likasukuma. Bastola ikateleza, ikaanguka miguuni pake, nyundo chini juu ya jiwe, mdomo ukitazama juu, kwenye kidevu cha shemeji.

Ko.

Ndivyo ilivyolia. Kama mwiko kwenye sufuria. Dada mtu kikombe kimemmwagikia magotini na hana habari kama chai ni ya moto. Shemeji anajipapasa kifuani, shingoni, anajitafuta kama yupo.

Yupo.

Mwenyeji akaiokota, akafungua kile kimlango cha pembeni, akazitoa risasi moja moja. Zilikuwa tano. Ya sita akaitoa kwenye mfuko wa shati.

"Nilikwambia sita," shemeji akasema. Sauti ilikuwa ya mtoto aliyeamshwa.

"Nilisikia."

"Sasa mbona..."

"Shemeji, mimi bastola haijaniponyoka tangu nizaliwe. Ulidhani lile tundu nilikuwa namwachia nani?"

Mtu mzima yule akakaa chini kwenye vumbi, akalia, katikati ya kulia akacheka, akaomba chai. Dada yake akammiminia, akampiga kofi la bega, akampa na chapati. Wakakaa hapo hapo wote watatu mpaka chupa ikaisha. Hakuna kopo lililopigwa tena siku ile.

Krismasi iliyofuata mjomba mmoja akaanza, Bwana Tano karibu mezani. Shemeji akasimama na sahani yake. "Jina hilo mlitaje vizuri," akasema. "Yeye ni Bwana Tano. Wa sita ni mimi hapa, na bado nakula pilau."

Najua mnachongoja. Mnangoja niwaambie mwende nyumbani mkaache tundu moja kinywani, lile neno ambalo unajua kabisa litampata mkwe wako mahali pake. Ndiyo, liache. Lakini tusikimbilie huko, maana tumeshajichagulia kiti cha yule mwenye bastola, na si chetu.

Sisi ni shemeji. Sisi ndio wenye tumbo na madaha. Tumemcheka Mungu kwa upole wake. Tumesema angekuwa na nguvu angekwisha kupiga. Wengine tumefika mpaka kumwambia, haya, jaza sita tuone. Na tumeanguka, wanangu, tumeanguka vibaya, tukasikia ko, tukajipapasa, tupo. Ukadhani una bahati? Ukadhani jiwe lilikuwa laini?

Yupo aliyegeuka akakupa mgongo kidogo, ukadhani amekukasirikia, kumbe ile ya sita alikuwa akiitia mfukoni mwake.

Basi pumueni. Mkitoka, chai ipo pale nje. Kunyweni kama watu waliookotwa, na umtafute yule uliyemwekea risasi tangu wiki iliyopita, ummiminie wewe mwenyewe.