Ziwa la Kumpa Mtoto Jina

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, mawe yangali laini, alikuwapo Kakakuona, mama kijana, na mtoto wake wa kwanza. Mtoto hana jina. Desturi yao ndiyo hiyo: mtoto hubebwa juu ya mkia mpaka ziwani, akajitazama majini, na neno la kwanza atakalotamka hapo ndilo jina lake. Basi. Halibadilishwi. Mjomba wake Kakakuona alipelekwa penye mawimbi, na mpaka leo, mzee mzima mwenye wajukuu, anaitwa Nazama.

Sasa Kakakuona hajawahi kusafiri. Hata ng'ambo ya kichuguu hajafika! Akaogopa. Na mtoto akidondoka je, na tukipotea je, na akisema "Uwii" je, niwe mama Uwii maisha yangu yote?

Akaja Heroe, ndege mwenye manyoya ya waridi. "Shoga, njoo ziwani kwetu! Waridi tupu, mpaka macho yanachoka!"

"Maji yake yananyweka?"

"Aa, yale ya magadi. Yanawasha kidogo tu."

"Na njia, dada, ikoje?"

"Njia?" Heroe akashangaa. "Mimi huruka."

Kiboko akatoa kichwa mtoni, bwaaa! "Achana na huyo. Njoo ziwa langu, kubwa, ng'ambo huioni!"

"Tutalala wapi, kaka?"

"Humo humo majini."

"Humo humo!"

"Ah, maswali gani hayo? Mwoga wewe!"

"Mwoga, ndiyo," akasema Kakakuona, "na mtoto ni wangu."

Akachagua kiziwa cha nyuma ya kilima, alichosimuliwa na wazee wake. Maji matamu, kivuli kipo, ukitoka asubuhi jua halijakukaanga umefika.

"Dimbwi lile!" Kiboko akacheka mpaka mto ukafurika.

Kakakuona akafunga mizigo. Kumbikumbi, tia. Majani ya kulalia, tia. Majani mengine, mvua ikinyesha, tia. Furushi likapanda, likapanda, likampita kimo.

"Mama, na mimi nikae wapi?"

Loo! Akapunguza, akapunguza, kikabaki kifurushi cha kumbikumbi. Mtoto juu ya mkia, haya, twende! Kwaru, kwaru, kwaru. Akapumzika. Kwaru, kwaru, kwaru.

Wakafika. Jamani! Mayungiyungi yamechanua, kereng'ende wanapepea, na kilima chote kimelala majini, kichwa chini miguu juu. Kakakuona akasahau hata kuogopa. Akasogea ukingoni. "Mwanangu, tazama..."

Chubwi!

Kitu kimejitupa majini! Kakakuona akajikunja, pu, kama mpira, mtoto ndani.

"Mama, giza."

"Nyamaza, usiseme lolote, utajiharibia jina!"

"Mama, nini kinapiga ngoma? Du-du-du."

"Moyo wangu."

Nje, sauti ikaita, "Mama wee, ni mimi tu, Chura! Nilikuwa naoga, kwani vibaya?"

Kakakuona akatulia humo ndani. Kurudi nyumbani ni rahisi. Lakini arudi na mtoto asiye na jina? Akalegeza mkia. Akasubiri viduara vya maji viishe. Akakunjua shingo, polepole, polepole.

Mtoto akachungulia. Majini akaona kipua kirefu. Kando yake, pua nyingine ndefu, kubwa, inatetemeka. Mama akafumba macho. Atasema nini, jamani, mtoto huyu atasema nini?

"Tupo!" mtoto akapiga kelele. "Mama, tupo!"

Tupo! Kakakuona akacheka, akalia, akacheka tena. Chura akadakia, tupo-tupo-tupo, na vyura wote wakaitikia, kiziwa kizima kikawa ngoma. Kifurushi kikafunguliwa, kumbikumbi wakaliwa, mama akaingiza miguu majini kwa mara ya kwanza, na wala hakuuliza kina.

Basi, watoto, na nyie mama zao: safari ya kwanza, usiende ziwa linalosifiwa na wasioijua njia yako. Nenda lile ambalo miguu yako itakufikisha na mtoto wako atalala salama. Na ukiogopa, ogopa, lakini ukunjue shingo utazame.

Hadithi yangu naitua hapa ukingoni. Anayetaka kuoga, aoge.