Fundi wa Kuficha Watu

"Nikimficha mtu mimi, hata kivuli chake kitapotea njia!"

Ndivyo alivyojigamba fundi simu, aliyebandikwa jina la Kufuli, maneno yakimtoka kama bisi kikaangoni. Kibanda chake chini ya ngazi hakikukosa watu waliotaka kufungiwa kurasa zao za mtandao wa kijamii wasitafutwe ovyo.

Aliyemfungia kwa uchungu zaidi ni dada yake, mshonaji, aliyemkimbia mume baada ya kuvunjwa mkono. Kufuli alimbadilishia jina, akaificha namba yake, na penye sura yake akaweka picha ya sindano. Dada akapanga chumba mtaa wa mbali, akaanza tena kupata usingizi.

Asubuhi moja aliingia kibandani akitweta, uso umemsawijika. "Soma," alisema.

Ujumbe ulikuwa mfupi: "Mlango wa bluu unakupendeza. Nakuja."

Kufuli aliinyakua simu. Akaukagua ukurasa wa dada juu chini; kila kitu kimefungwa. "Basi umeropoka mwenyewe!" alifoka. "Nguo unashona, mdomo umeshindwa?"

"Mimi? Hata majirani hawajui natoka wapi!" Machozi yakamlengalenga.

Mama mmoja muuguzi, aliyekuwa amekuja kubadilishiwa kioo cha simu, alishusha miwani, akamtazama Kufuli. "Mwanangu, huyo shemeji yako analijua jina lako?"

"Sana tu. Kwa nini?"

"Nimeliandika hapa kwenye sehemu ya kutafutia. Hebu tazama."

Ukurasa wa Kufuli ulikuwa wazi kama soko lisilo na geti. Picha ya juu kabisa ni yeye, meno yote nje, kavaa shati jipya mbele ya mlango wa bluu wa chumba cha dada, kibao cha mtaa kikisomeka juu ya kichwa chake. Chini kaandika: "Dada yangu kanishonea!" Na jina jipya la dada kalibandika papo hapo.



"Usirudi huko, binti yangu," muuguzi alisema, akimshika dada mkono. Wakaenda moja kwa moja polisi. Askari walipofika, mlango wa bluu ulikuwa umevunjwa, cherehani imelala chali, na yule mwanamume yumo ndani, nyundo mkononi, akisubiri.

Wiki iliyofuata Kufuli alikuwa na hadithi mpya. "Kwa jicho langu hili," aliwaambia wateja, "niliiona picha, nikapiga kelele: Dada, usirudi! Aliyeiweka ni mjinga mmoja hivi, hata simjui..."

"Humjui?" Muuguzi alikuwa amesimama nyuma yao, simu mkononi. "Basi mwambie picha yake bado ipo. Nimemtafuta sasa hivi, nimempata."

Wateja wakaangua kicheko. Kufuli akainamia bisibisi yake, jasho likimtiririka. Wahenga hawakukosea: mganga hajigangi.