Kwa Nini Punda Hutanguliza Mguu Unaomuuma

Sogeeni hapa kwenye mkeka, wote. Mwenye neno alimeze kwanza, maana hadithi hii hata mimi hunichanganya, na mkinikatiza nitamfunga punda wa watu mguu usio wenyewe. Marehemu bibi yangu alisema mguu uliomuuma ulikuwa wa kushoto. Mama mkubwa, Mungu amrehemu, aliapa kuwa ni wa kulia. Wamekufa hawajapatana. Mimi namfuata bibi, kwa kuwa ndiye aliyenilea. Haya, kimya.

Zamani hizo punda hakuwa na alama ya maumivu. Awe mzima, awe anakufa, alisimama vilevile, miguu yote minne imekazwa chini kama miguu ya kitanda. Ukimtazama hujui lolote.

Huko Irangi, kando ya Mto Bubu, palikuwa na kitongoji cha nyumba saba za tembe, zile za paa bapa la udongo. Mwaka mmoja mto ulikauka, hata ukifukua mchanga wake kimo cha mtu hupati maji. Wakubwa wakakubaliana kwamba siku ya nne watu wote wahamie kwenye chemchemi za mlimani, mwendo wa kutwa nzima. Sasa, palikuwa na mama mmoja, Mwasiti, aliyekuwa amevunjika nyonga. Hakuweza kuvuka hata ua wake. Alikokwenda, alikwenda juu ya punda wake, Kijivu. Na asubuhi ileile ya shauri, Kijivu akatoka zizini anachechemea.

Wanaume walikuwa wachache, na kila mmoja alikuwa na watoto na vikongwe wake wa kubeba. Punda asipopona, Mwasiti angebaki kwenye tembe tupu pamoja na fisi. Kila mtu alilijua hilo.

Akaitwa Mzee Kidunda, mganga aliyejua kila jani. Akaagiza punda atembezwe. Kila Kijivu alipokanyaga kwa mguu wa mbele wa kulia, kichwa kiliinama. Akikanyaga wa kushoto, kichwa kinapanda. Wa kulia, chini. Wa kushoto, juu.

"Analia na wa kulia," akasema Kidunda. Watu wote wakaitikia, maana waliona kwa macho yao.

Basi ukwato wa kulia ukaoshwa, ukapakwa majani ya mkunazi yaliyotwangwa, ukafungwa. Kesho yake punda alichechemea zaidi. Wakaufungua. Safi! Hauna tundu, hauna uvimbe, haunuki. Kidunda akakuna kidevu. Akabadilisha dawa, akapaka asali na majivu. Siku ya tatu punda hakutaka hata kuondoka pale aliposimama.

Hapo ndipo watu walipovurugikiwa kabisa. Mmoja akasema ni husuda. Mwingine akasema mkunazi ulichumwa jua likiwa limeshawaka. Jirani mmoja, Bi Zaituni, akamkabili mganga. "Mzee, majani yako hayo ni ya tumbo, si ya ukwato."

"Bi Zaituni, wewe hata kuku hujawahi kumtibu akapona."

"Kuku wangu nilimla. Angeponea wapi?"

Walicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. Mizigo ilikuwa imeshafungwa. Kidunda mwenyewe alimzunguka punda mara tatu, akitazama ukwato ule mzima kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.

Mwasiti akaomba aburutwe juu ya ngozi yake ya kulalia hadi pale alipo punda. Wengine wote walimtazama Kijivu kutoka juu. Yeye, kwa kuwa hakuweza kusimama, uso wake ulikuwa usawa wa kwato. Naye hakuwa mganga. Alifanya alilolizoea kwa watoto wake wenye homa, akapitisha mgongo wa mkono. Nyuma, baridi. Nyuma tena, baridi. Mbele kulia, baridi. Mbele kushoto, akaurudisha mkono upesi, maana ulikuwa moto kama jiwe la mekoni.

"Mzee, ni huu."

"Mama, kichwa kinainama kwenye wa kulia. Sote tumeona."

"Mmeona kichwa. Mguu mmeushika?"

Kidunda akainama aushike. Kabla hajaufikia, Kijivu akausogeza mguu wa kushoto mbele, taratibu, ncha ya ukwato ikagusa tu mchanga, akauacha hapo mbele ya mapaja ya Mwasiti. Hakuna punda aliyewahi kufanya hivyo. Ndipo walipoelewa. Kichwa kilipanda kuukimbia mguu mbovu, kikashuka kwa kupata nafuu juu ya mguu mzima. Siku tatu walikuwa wakitibu nafuu.

Wakauloweka ukwato ule kwenye maji ya moto yenye magadi, maji kidogo ya akiba yaliyosalia mtungini, hadi ukalainika. Chini, katikati, wakaona kidoa cheusi. Kidunda akakikwangua kidogo kwa kisu, na usaha mweusi ukaruka hadi kwenye kanzu yake. Mwiba ulikuwa ndani. Akauchomoa, akausafisha mguu, akatia utomvu wa shubiri na asali, akaufunga kwa kitambaa na juu yake ngozi ya mbuzi. Kijivu akashusha pumzi ndefu, akaanza kutafuta majani ya kula.

Asubuhi ya kuhama alitembea polepole na kiatu chake cha ngozi, Mwasiti mgongoni, bila mzigo mwingine. Vyungu na magunia ya Mwasiti aliyabeba Mzee Kidunda hadi mlimani. Alipoulizwa kama amechoka, alisema hajui.

Na tangu siku hiyo, punda mwenye jeraha kwenye ukwato wa mbele huutanguliza mguu ule, akaugusisha ncha tu chini, ili asiyejua ajue. Huo ndio urithi wa punda. Binti za Mwasiti walirithi mgongo wa mkono, na hadi leo kwetu hakuna anayefungua mfuko wa dawa kabla mkono haujapita miguu yote minne. Shubiri ilirithi mlango wa zizi, ndipo ipandwapo hadi leo. Na wajukuu wa Kidunda, ambao ni waganga hodari sana, walirithi kuubeba mzigo wa mgonjwa hadi mwisho wa safari.