Wembe wa Shemeji

Nipeni masikio niwape kisa. Masikio nimesema, mjukuu wangu Mwaka, mikono haijapewa ruhusa ya kupumzika. Mahindi hayo yapukuchuliwe huku mnasikiliza.

Zamani, zamani za kale, kale ambayo hata bibi yake bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na miji miwili, Mlimani na Bondeni. Kisima chao kilikuwa kimoja, na kwa kisima hicho wakagombana, wakapigana, wakazikana. Watu wazima wale, ndevu zimejaa, kupokezana ndoo kukawashinda! Mnacheka? Nyinyi jana mligombania nini kama si kata ya maji?

Basi Ngwali wa Mlimani akampenda Mize wa Bondeni, na Mize akampenda Ngwali. Wazee wa pande zote wakasema hapa ugomvi utapata mahali pa kufia. Lakini palikuwa na mila. Siku ya harusi, bwana harusi alinyolewa ndevu mbele ya watu, na aliyemnyoa hakuwa kinyozi, alikuwa kaka wa bibi harusi. Kwa nini? Nani anajua? Hakuna. Haya, ni hivi: mtu akikupa shingo yake nawe una wembe mkononi, hapo ndipo hujulikana kama mmeungana kweli au mmedanganyana. Na tone la damu ya bwana harusi likidondoka, harusi imevunjika, kila mtu arudi kwao na ugomvi wake.

Kaka yake Mize aliitwa Mbaruku. Mkono wake ulijua jembe na shoka. Wembe alikuwa hajaushika hata kwa kukatia kucha. Mize akamfuata shambani.

"Kaka," akamwambia, "ukimkata Ngwali umenikata mimi."

Akageuka, akarudi nyumbani. Mbaruku akatupa jembe, mbio kwa Mzee Mwinchande, kinyozi wa Bondeni, akamwomba amfundishe.

Mzee yule hakumpa kidevu cha mtu. Alimpa boga changa. Mmewahi kulitazama boga changa kwa karibu? Lina vinyweleo laini, kama kidevu cha kijana anayejitia ukubwa. Akamwambia alinyoe, asiache kinyweleo na asichubue ganda. Kwanza wembe unolewe kwenye jiwe, kisha upitishwe kwenye ukanda wa ngozi, huku na huku, huku na huku. Kisha maji ya uvuguvugu, maana ndevu kavu ni miiba. Kisha mkono wa kushoto uvute ngozi. Mbaruku akauliza boga lina ngozi gani ya kuvuta. Mzee akamwambia avute hivyo hivyo, mkono uzoee.

"Na usisahau," akasema, "wembe ukisimama hukata, ukilala hunyoa."

Mbaruku akanyoa boga, akalichubua. Akanyoa jingine, akalichubua. Akanyoa, akanyoa, akanyoa. Mama yake akapika maboga asubuhi, maboga jioni, mpaka majirani wakiona bakuli linakuja wanajifanya wamelala. Hatimaye siku moja likatoka boga laini kama shavu la mtoto, halina mkwaruzo hata mmoja. Mbaruku akaona amefuzu. Lo, wajukuu zangu! Boga si mtu.

Siku ya harusi ikafika. Ngwali akakaa kwenye kigoda, watu wa Mlimani upande huu, watu wa Bondeni upande ule. Mbele kabisa alikuwepo ami yake Ngwali, Mzee Shambe, ambaye ndoa ile hakuitaka hata kidogo. Macho kayakaza kidevuni, anasubiri damu.

Mbaruku akatia maji, akavuta ngozi, akalaza wembe shingoni. Ngwali akameza mate. Kikoromeo kikapanda, kikashuka. Mbaruku akauondoa wembe. Akaurudisha, kikoromeo kikapanda, kikashuka. Boga halimezi mate! Boga haliogopi. Mbaruku akauondoa wembe tena, kila mtu akamwona, na Mize aliyekuwa akichungulia dirishani akafumba macho.

Angefanya nini? Semeni. Akimbie? Afunge macho akate tu? Mbaruku alimtazama Ngwali usoni, akaiona hofu yake, nayo ilikuwa hofu ile ile aliyokuwa nayo yeye. Akaugeuza wembe, akampa mpini. Akavuta kigoda kingine, akakaa, akainua kidevu.

"Shemeji, ninyoe mimi kwanza."

Ngwali alikuwa hajamnyoa mtu, wala boga. Akaushika wembe ule kama panga, akausimamisha, mkwaru! Damu ikatoka kidevuni mwa Mbaruku, ikadondoka mchangani. Mzee Shambe akaruka juu. Damu imemwagika, akasema, harusi imekwisha, twendeni zetu. Nusu ya Mlimani wakainuka.

Mbaruku hakujifuta. Hakusogea hata kidogo, shingo yake bado ameiinua.

"Mila inauliza damu ya bwana harusi," akasema. "Hii ni yangu, nami sijalalamika. Endelea, shemeji. Laza wembe."

Ngwali machozi yakamtoka. Akaulaza wembe, akamaliza polepole. Kisha akakaa yeye, akainua kidevu, na safari hii kikoromeo kilitulia. Mtu uliyemkata, naye bado amekupa shingo, utamwogopea nini? Mbaruku akanyoa kushoto, akanyoa kulia, akanyoa chini ya kidevu. Mzee Shambe akaja na kitambaa cheupe, akampangusa Ngwali, akakitazama huku, akakitazama kule. Kitambaa kilikuwa cheupe. Akarudi akakaa. Mize akapiga kigelegele mwenyewe, bibi harusi mzima, na hakuna aliyemkemea.

Tangu siku hiyo mila ile ikaongezwa jambo: shemeji hunyolewa kwanza, na anayemnyoa ni bwana harusi. Na mabwana harusi, mnawajua, hawajui kunyoa. Kwa hiyo mkikutana na mwanamume wa huko ana kovu dogo kidevuni, msimuulize alipigana na nani. Muulizeni kama dada yake hajambo.

Anayetaka shingo ya mwenzake, atangulize yake. Mimi nimekinyoa kisa, nywele zimebaki mapajani mwenu. Tamu mkawagawie wenzenu, chungu niachieni mwenyewe.