Mashahidi wa Jaruba la Mjane

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Na ninyi wa benchi la nyuma acheni kunong'ona, maana leo nazungumzia hayo hayo mnayonong'ona.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, mkulima wa mpunga. Alikuwa na jaruba moja tu, la kumlisha yeye na wajukuu watatu. Mnajua wenyewe mpunga ukianza kukomaa unavyotutesa. Kwelea kwelea wanashuka maelfu kwa maelfu, na kila mwenye jaruba anapanda kwenye dungu lake tangu alfajiri kuamia ndege, anapiga makopo, anapiga kelele mpaka koo linakauka. Kule walikuwa na sheria yao: msimu wa kuamia, mtu haingii jaruba la mwenzake. Ukiingia ukawashtua ndege wakahamia kwa jirani, umeanzisha ugomvi wa mwaka mzima. Kwa hiyo kila mtu alimtazama mwenzake kwa mbali, kutoka juu ya dungu.

Mwaka huo ndege walikula kila mahali isipokuwa kwa mjane. Tena mwenyewe hapigi kopo. Amekaa zake kwenye dungu anachambua mchicha! Mngekuwa ninyi mngesema nini? Semeni kweli, tuko nyumbani mwa Mungu.

Maneno yakaanza. Kwamba saa sita mchana, jua likiwaka, kuna kitu kinasimama katikati ya jaruba la mjane. Huyu kaona mwanamke asiye na kichwa. Yule kaona mtu mrefu mwenye nguo nyeupe, miguu haigusi chini. Mwingine kakisikia kikiimba. Wiki haikuisha, mkutano ukaitwa: mama ahame kabla ya Jumapili, yeye na wajukuu wake, na jaruba apewe mtu mwingine.

Sasa, mwenyekiti wa wakulima alikuwa mtu wa kushuku. Ukimwambia "habari za asubuhi" anatazama jua kwanza. Akasimama akauliza, "Nani ameona kwa macho yake?"

Mikono saba juu. Saba! Ni kesi ngapi zimeamuliwa kwa mashahidi wawili tu?

Akamwita wa kwanza, fundi baiskeli, mtu mzima anayeheshimika.

"Kaka, ulikuwa wapi ulipoona?"

"Kwenye dungu langu, mwenyekiti. Mwanamke, hana kichwa. Naapa mbele za Mungu."

"Kutoka dungu lako hadi kwa mama ni mbali kiasi gani?"

"Kama kutoka hapa hadi kule kwenye mfereji mkuu."

"Kwa umbali huo ulijuaje kwamba ni mwanamke, na kwamba kichwa hana?"

Fundi akakohoa. "Jirani ndiye aliyeniita. Akasema, tazama, mwanamke hana kichwa. Nikatazama, nikamwona."

"Na angekwambia ni ng'ombe?"

Watu wakacheka. Fundi hakucheka.

Jirani akaitwa. Kumbe naye aliitwa na shemeji yake. Shemeji naye aliambiwa na mwenye jaruba la pili yake. Mwenyekiti akawafuata hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwa wa saba, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, ambaye jaruba lake limepakana na la mjane.

"Wewe, dada, nani alikwambia?"

"Mimi sikuambiwa. Mimi ndiye wa kwanza kuona."

"Uliona nini?"

"Sijui, mwenyekiti. Kitu kinametameta. Nilipaza sauti nikauliza, jamani, kile kwa mama ni nini?"

"Ukajibiwaje?"

"Sikujibiwa. Kesho yake nikasikia ni jini."

Mmesikia hayo, ndugu zangu? Mtu mmoja aliuliza swali. Likapita kwenye madungu sita, na lilipofika dungu la mwisho lilikuwa tayari ushahidi wa kumfukuza mtu kwake.

Ndipo mwenyekiti akamgeukia mjane, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mkutano mzima mtu kumsemesha. "Mama, kwako kuna nini?"

"Ni kaseti za marehemu, baba. Redio ilishakufa, kanda zikabaki. Dada yangu ndiye aliyenifundisha. Unavuta utepe, unaufunga kwenye miti. Jua likiupiga unameta, upepo ukipita unavuma, ndege wanaogopa. Mngeniuliza ningewagawia. Zimebaki nyingi."

Wakaondoka wote, siku hiyo sheria wakaisahau, wakaingia jarubani wakaushika ule utepe. Fundi baiskeli akaona aibu, akasema, "Basi mama, tumekusamehe. Kaa."

"Mmenisamehe nini, mwanangu?"

Wakatawanyika, kila mtu akarudi kwenye dungu lake.

Mnadhani imeishia hapo? Mpunga uliiva, mama akavuna. Kule kupura mpunga si kazi ya mtu mmoja. Leo wanakuja kwako, kesho mnakwenda kwa mwingine. Siku yake hakuja mtu. Wale saba walioushika utepe kwa mikono yao hakuja hata mmoja! Walisema, "Ni utepe, ndiyo, tumeuona. Lakini huwezi kujua." Mama akapura peke yake siku tisa, wajukuu wakipepeta.

Ndugu zangu, watu wale hawakuwa waongo. Ndiyo maana naogopa. Mwongo ungemkamata. Wale waliona walichoambiwa waone, wakaapa kwa moyo safi. Na sisi ndio hao hao. "Nimesikia" tunaona haina heshima, basi tunasema "nimeona". Akitokea mtu wa kuuliza, tunamwambia hana imani. Nani alitufundisha kwamba kumwamini Mungu ni kuamini kila linalosemwa bombani?

Kuna mama hapa kwetu anauza maandazi karibu na zahanati. Mnamjua. Tangu Jumanne hauzi hata moja. Watu watano wamekuja kwangu, watu wa kanisa hili, wameniambia kwake ameonekana mtoto anayepita ukutani. Nimewauliza wote watano. Kila mmoja ameona kwa macho ya mwenzake. Na mimi mchungaji wenu nimejua hayo siku tano, nikapita njia ya nyuma ili nisionekane mlangoni kwake. Naona aibu kuwaambia, lakini ndivyo nilivyofanya.

Basi leo tukimaliza ibada msinisubiri mlangoni kupeana mikono. Naenda kwa yule mama, na sijanywa chai tangu asubuhi.