Mkaja wa Zawena

Sogeeni karibu, na aliye mbali avute kigoda chake. Hadithi yangu ni fupi, ila swali lake nimekaa nalo miaka mingi. Leo nawakabidhi ninyi.

Juu mlimani, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi, waliishi watu watatu, kila mmoja peke yake katika nyumba yake. Bi Nehema alijaliwa kutambua njaa ya mtu kabla mwenyewe hajaisema. Bi Kudra alijaliwa miguu. Alipanda na kushuka mlima na mzigo kichwani huku akiimba. Mzee Mdoe, mfuga nyuki, alijaliwa utulivu. Aliweza kukaa kimya mpaka nyuki wakatembea juu ya mkono wake kana kwamba ni tawi.

Katika mlima huohuo alikuwepo Zawena. Mama yake alifariki siku aliyomzaa, na ndugu hawakujulikana. Alikua, akajifunza kufuga nyuki, na akachumbiwa na Hoza, fundi wa mizinga.

Zawena na Hoza walikuwa watu wa maneno machache, wakapanga harusi inayofanana nao. Ingekuwa asubuhi, katikati ya mizinga, na viti vichache tu. Ngoma zisingepigwa, kwa kuwa nyuki hawapendi kishindo. Zawena alipita kwa wageni wake mmoja mmoja akiwaambia wasijipake manukato wala wasivae nguo nyeusi, maana hivyo navyo huwachokoza nyuki.

Jirani mmoja aliposikia akacheka. "Bila kamati, bila muziki, bila manukato? Binti, hiyo ni harusi au kikao cha walimu?"

"Ni harusi, shangazi. Na chai itakuwepo."

Jambo moja la kimila hawakuliacha, nalo ni mkaja. Mkaja ni nguo ambayo bwana harusi humpa mama wa bibi harusi, kumshukuru kwa tumbo lililobeba na mgongo uliobeba. Pale mlimani, anayepewa hukalishwa kwenye kiti chenye egemeo, bibi harusi humfunga nguo ile kiunoni, kisha humwita "mama" mbele ya watu. Hoza alikuwa na mkaja mmoja, mweupe, wenye pindo jekundu. Bibi yake alikuwa ameuhifadhi sandukuni kwa ajili ya siku hiyo.

"Tumpe nani?" Hoza aliuliza.

Zawena aliuchukua mkaja, akaukunja upya. Tangu azaliwe, alikuwa hajawahi kumwita mtu yeyote mama. Sikilizeni sasa kwa nini swali hilo lilikuwa zito kwake.

Siku Zawena alipozaliwa, Bi Nehema alikuwa amemzika mtoto wake siku nne kabla. Aling'amua njaa ya kile kichanga kwa kilio chake tu, akakiweka kifuani. Mume wake akasema, "Siwezi kutazama mtoto wa mwingine mahali alipokuwa wangu." Bi Nehema hakumtoa mtoto kifuani. Mume akaondoka, hakurudi. Zawena alinyonya miaka miwili, kisha akawa mtoto wa mlima mzima, leo analala nyumba hii, kesho ile.

Zawena alipofika miaka mitano, alishikwa na homa kali. Mvua ilikuwa imechukua daraja, na hakuna gari lililoweza kupita. Bi Kudra alimfunga mgongoni kwa khanga, akatembea siku mbili kuvuka mlima mpaka hospitali. Katika mteremko wa mwisho goti lake liliteguka, naye akaendelea nalo hivyohivyo. Mtoto akapona. Goti halikupona. Tangu hapo Bi Kudra hutembea kwa mkongojo, na nyumba yake iko juu sana. Siku nyingi hukaa bila kuona mtu, akiitazama tu njia kupitia dirishani.

Zawena alirudi kutoka hospitali akiwa hasemi. Alijificha chini ya ghala la mahindi na kuuma kila mkono uliomgusa. Watoto walimwogopa, wakubwa wakachoka. Mzee Mdoe alileta kigoda chake pale ghalani, akakaa akichonga mzinga. Hakumuuliza kitu. Siku zile ndugu zake wa Tanga walikuwa wamemwandikia ahamie kwao. Akawajibu, "Nisubirini kidogo." Alikaa pale kila alasiri kwa miezi kumi na minne, na barua zikakoma. Siku moja sauti ndogo ikatoka chini ya ghala: "Babu, nyuki amekukalia sikioni." Mzee Mdoe hakugeuka, asije akamtisha. Alisema tu, "Ahsante, mjukuu wangu," huku machozi yakimdondokea juu ya mti aliokuwa akiuchonga.

Basi Zawena aliwaendea wote watatu, akawaambia kuhusu mkaja.

Bi Nehema alisema, "Mimi nilikunyonyesha tu. Na bila wewe ningekufa kwa uchungu. Hata sijui nani alimponya mwenziwe. Wape wengine."

Bi Kudra alisema, "Miguu nilikuwa nayo, nikaitumia. Usinisumbukie. Hata kwenye harusi yenyewe sitafika, goti hili litanicheka."

Mzee Mdoe alishika ndevu zake. "Mkaja, mimi? Utaniita mama mwenye ndevu? Mjukuu wangu, watu watacheka mpaka siku ya maziko yangu."

Hoza alipoyasikia akasema, "Hakuna anayeutaka. Au tuukate vipande vitatu?"

"Kipande hakizunguki kiuno."

"Basi ninunue mingine miwili."

"Mtu huzaliwa mara moja, Hoza. Nikitoa mitatu, kila mmoja atarudi nyumbani na zawadi. Hakuna atakayerudi akiwa mama."

"Tusimpe yeyote, basi."

"Hapo nitakuwa nimesema mbele ya watu kwamba sikuwahi kuwa na mama."

Asubuhi ya harusi ilifika. Vigoda vilipangwa katikati ya mizinga, na mbele yake kile kiti kimoja chenye egemeo. Ilibidi mambo yote yaishe kabla jua halijaifikia mizinga, maana nyuki wakishapata joto hutoka kwa wingi.

Aliyefika wa kwanza alikuwa Bi Kudra, yule aliyesema hatafika. Alikuwa ameanza safari giza likiwepo, na gauni lake lilikuwa limelowa umande mpaka magotini.

Akafuata Bi Nehema. Kila siku ya maisha yake alifunga khanga kiunoni. Siku hiyo hakufunga kitu. Mahali pa kufunga nguo, juu ya gauni lake, palikuwa wazi.

Wa mwisho alikuwa Mzee Mdoe. Zawena alimtazama asimtambue mara moja. Alikuwa amenyoa ndevu zote.

Wakasalimiana kwa upole. Kila mmoja alichagua kigoda cha kawaida, akaketi, akaangalia chini. Kiti chenye egemeo kikabaki kitupu mbele yao. Chai ilimiminwa, lakini hakuna aliyeinywa.

Hoza alimkabidhi Zawena mkaja. Jua lilikuwa limeshagusa mzinga wa kwanza, na nyuki mmoja akatoka, akazunguka, akatua kwenye lile pindo jekundu. Zawena alifungua kinywa kwa neno ambalo hakuwahi kulitamka. Watu watatu, ambao jioni wangerudi kila mmoja kwenye nyumba yake tupu, waliinua macho kwa pamoja.

Mimi naishia hapo. Anayetaka kusema ni maziwa, akumbuke kwamba aliyeshiba alikuja kuugua. Anayetaka kusema ni miguu, akumbuke kwamba aliyepona alikwenda kujificha. Na anayetaka kusema ni ule utulivu, akumbuke kwamba Mzee Mdoe asingekuwa na mtu wa kumngojea, kama wale wawili wasingemtangulia.

Nguo ni moja, na jua halingoji. Je, ungekuwa wewe, ungeufunga mkaja ule kiunoni mwa nani? Na wale wawili waliobaki, ungewatazamaje usoni?