Kisahani cha Jade Kilichooshwa kwa Majivu

Hapo zamani, huko Uchina, palikuwa na nyumba moja ambamo watu walikula pamoja huku wakitazamana kwa pembe ya jicho. Ilikuwa nyumba ya Mzee Gu. Kwenye madhabahu ya mababu zao palikaa kisahani cha jade, lile jiwe gumu linaloteleza mkononi, chenye tundu katikati na rangi ya kahawia iliyokiingia kwa kulala ardhini karne na karne. Ndivyo walivyoambiana. Nanyi mnaonisikiliza, msiamini upesi.

Mwaka mpya ukakaribia. Kwa desturi yao, mke wa kifungua mimba ndiye aliyesafisha madhabahu. Suyin, bibi harusi wa juzi tu, alitaka kumpendeza mama mkwe. Hakufuta vumbi akaishia hapo. Alichemsha maji, akatia majivu, akakisugua kisahani kwa moyo wote. Rangi ya kale ikatoka. Likabaki beseni la maji ya kahawia, na jiwe jeupe limetakata.

Mama mkwe akaona. "Umekibadilisha," akasema. "Cha mababu zetu umekipeleka kwenu, ukatuwekea hiki."

Suyin akaapa. Akamsihi mama mkwe atazame beseni, naye hakulitazama. Mke aliyerudishwa kwa wizi hapokelewi hata kwao, na Suyin alilijua hilo. Alilia mpaka sauti ikamkauka.

Akaitwa Peng, fundi mchonga jade, aje aamue. Akakishika, akapitisha kidole ndani ya tundu, akasema kwa kifupi kwamba si cha kale. Basi. Mzee Gu, baba mkwe, alikuwepo, anavuta kiko; akanyamaza. Wenbo, mume wa Suyin, alikuwepo, anatazama viatu vyake, akanyamaza. Mimi mtu akinyamaza mahali pa kusema, namshuku papo hapo.

Suyin akafungiwa nguo zake furushi, akasindikizwa mlangoni. Pale kizingitini akageuka.

"Fundi," akasema, "anayetafuta umri wa jiwe hutazama rangi yake. Wewe ulikimbilia tundu. Ulikuwa unatafuta nini mle ndani?"

Peng akaona aibu. Akakiri kuwa alitafuta alama za keekee yake mwenyewe, chombo chake cha kutobolea, na alizikuta. Yeye ndiye aliyekichonga kwa kuiga vya kale, akakiloweka kwenye chai na siki mpaka kikazeeka. "Lakini nilimwapia aliyeniagiza kwamba sitamtaja," akasema. "Na nililosema leo si uongo. Si cha kale."

Wote wakamgeukia Mzee Gu. Kiko chake kilikuwa kimezimika.

"Mwaka wa njaa niliuza kile cha kweli," akasema. "Mlidhani mchele ule ulitoka wapi? Nikaweka hiki ili msijione watu wasio na mababu. Niliwalisha."

Wenbo akashusha pumzi, na mama yake akaisikia pumzi hiyo. Akamuuliza kama naye alijua. Alijua. Siku moja, kwa ajili ya kamari, alikichukua kwa siri ili akiweke rehani, mwenye duka akamcheka kwamba ni cha bandia na kumrudishia.

"Lakini mimi sikumshtaki mke wangu," akasema Wenbo. "Sikutamka neno hata moja."

"Hukutamka," akasema mama yake kwa uchungu. "Nami, humu ndani, ndimi niliyedanganywa na kila mtu. Nilisema nilichokiamini."

Suyin akawatazama mmoja mmoja. Machozi yalikuwa yamekwisha; hasira ndiyo iliyobaki. Akaweka furushi chini, juu ya kizingiti.

"Mlitaka mtu atoke, aibu itoke naye," akasema. "Sawa. Atoke mmoja. Lakini si mimi."

Wakatazamana kwa pembe ya jicho, kama kawaida yao. Hakuna aliyesogea.

Sasa nyinyi mnaonisikiliza, msianze kutazama viatu vyenu. Yupo aliyedanganya nyumba nzima ili ipate kula. Yupo aliyetunza kiapo kwa nusu ya ukweli. Yupo mume ambaye hakusema kitu. Yupo aliyehukumu bila kutazama beseni. Furushi bado liko kizingitini. Je, nani alistahili kulibeba?